Gari la klachi mbili: Mshtuko upi ni tabia ya gia, na upi ni ugonjwa?

Dereva aliyezoea Toyota ya otomatiki akinunua Volkswagen Golf ya mtumba, siku ya kwanza kwenye jam ya Mombasa Road anaweza kudhani ameuziwa gari bovu. Anaachilia breki, gari linasita. Anakanyaga mafuta kidogo, linaruka. Anapunguza mwendo, linasukumana kama linaloendeshwa na mwanagenzi.

Mara nyingi gari ni zima. Ni giaboksi ya klachi mbili, na ina tabia zake. Lakini kuna mishtuko ambayo si tabia, na dereva asiyejua tofauti anaweza kulipia matengenezo yasiyohitajika au kuendesha gari bovu hadi lizime barabarani.

Klachi mbili ni nini hasa?

Otomatiki ya kawaida ina torki konvata kati ya injini na gia. Ndani yake oili ndiyo inayopitisha nguvu, ndiyo maana gari huanza kusonga taratibu bila kushtuka.

Giaboksi ya klachi mbili haina kifaa hicho. Ndani yake ni kama gia za manyuo, ila klachi na gia zinaendeshwa na kompyuta. Klachi moja inashughulikia gia 1, 3, 5 na 7. Nyingine inashughulikia 2, 4, 6 na mara nyingi gia ya kurudi nyuma.

Gari likiwa kwenye gia ya 2, kompyuta huwa tayari imeandaa ya 3. Wakati ukifika, klachi moja inaachia na nyingine inashika, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Ndiyo maana barabara ikiwa wazi gia hubadilika haraka mno na hata hausikii.

Porsche ilitumia mfumo huu kwenye magari ya mashindano miaka ya 1980. Volkswagen iliuleta kwenye gari la kawaida mwaka 2003, katika Golf R32, ikauita DSG. Audi huuita S tronic, na Mercedes-Benz iliutumia kwenye A-Class na B-Class.

Mbona linasita na kuruka?

Sababu kubwa ni tatu.

Kwanza, wakati wa kuondoka klachi lazima ishike kidogo kidogo, kama vile mtu anavyoachilia pedali ya klachi kwenye gari la manyuo. Dereva akisita na mafuta, kompyuta nayo husita.

Pili, kompyuta hubahatisha. Ikiona mwendo unaongezeka, huandaa gia ya juu. Dereva akikanyaga breki ghafla halafu mafuta tena, gia iliyoandaliwa si ile inayotakiwa. Hapo ndipo gari hukaa kidogo halafu linashtuka.

Tatu, kwenye D gari hukimbilia gia za juu mapema ili kuokoa petroli. Ukitaka kulipita lori, linahitaji muda kushuka gia mbili au tatu. Anayejua hilo huweka S kabla ya kulipita lori, si akiwa tayari upande wa pili wa barabara.

Kwenye jam

Hapa ndipo klachi huishi au hufa. Gari likitambaa kwa mwendo wa kinyonga, klachi haijashika kikamilifu. Inateleza, na kuteleza ni joto.

- Acha nafasi mbele, kisha songa kwa mara moja na usimame. Usifuate gari la mbele hatua kwa hatua.
- Ukisimama, kanyaga breki vizuri. Ukiigusa tu, klachi inaweza kubaki inasuguana kidogo.
- Ukikanyaga breki vizuri, klachi huachia yenyewe. Kuweka N kila mara kwenye taa hakuna faida.
- Subiri gari lisimame kabisa kabla ya kutoka D kwenda R, kisha ngoja sekunde moja lishike ndipo ukanyage mafuta.

Mlimani, mteremkoni na kwenye kivuko

Kosa linaloua klachi haraka ni kushikilia gari mlimani kwa mafuta badala ya breki. Kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, au ngazi ya kupanda ya maegesho ya ghorofa, dereva wa otomatiki ya kawaida huachilia breki na kukanyaga mafuta kidogo gari likae palepale. Kwenye klachi mbili, hiyo ni sawa na kushikilia manyuo mlimani kwa klachi. Harufu ya kuungua haichelewi.

Shikilia kwa breki. Magari mengi ya aina hii yana mfumo unaoshikilia breki kwa muda mfupi mlimani. Ukiachilia pedali, kanyaga mafuta kwa uhakika gari liondoke.

Kwenye mteremko mrefu kama ule wa kuelekea Mai Mahiu, usiweke N ukidhani unaokoa petroli. Injini za kisasa hukata petroli zenyewe gari likiteremka kwenye gia bila mafuta kukanyagwa. Weka M na ushushe gia, injini isaidie breki.

Vezel na Fit je?

Si kila Honda Vezel au Fit ina klachi mbili. Zile za petroli pekee kwa kawaida zina CVT. Fit haibridi iliyotoka mwaka 2013 na Vezel haibridi iliyofuata ndizo zenye klachi mbili za gia 7, na mota ya umeme ndani ya giaboksi.

Mara nyingi mota ndiyo huanza kulisogeza gari, halafu injini inaingia. Mpigo mdogo wakati injini inapokea kazi ni wa kawaida. Lakini Honda yenyewe iliita tena Fit haibridi mara kadhaa nchini Japani ndani ya mwaka wa kwanza, ikiwemo kwa sababu ya programu inayoongoza giaboksi hiyo. Anayenunua ya miaka hiyo aulize kama programu ilisasishwa.

"Hiyo ni tabia yake" si jibu la kila kitu

Mwaka 2013 Volkswagen iliita tena zaidi ya magari 384,000 nchini China kwa matatizo ya DSG. Mwaka 2018 mahakama nchini Australia iliitoza Ford faini ya dola milioni 10 za nchi hiyo kwa jinsi ilivyowashughulikia wateja waliolalamikia giaboksi yake ya PowerShift. Baadhi yao walikuwa wameambiwa kwamba shida ni namna wanavyoendesha.

Dalili zifuatazo hazizoeleki. Zinahitaji fundi:

- Alama za P, R, N, D kumwekamweka kwenye dashibodi, au taa ya giaboksi kuwaka.
- Gari kukosa gia kadhaa, kwa mfano 2, 4 na 6 pamoja na ya kurudi nyuma. Hiyo ni ishara kwamba upande mmoja wa giaboksi umekufa.
- Mtetemo mzito kila unapoondoka, unaozidi wiki hadi wiki.
- Injini kupiga kelele bila mwendo kuongezeka.
- Harufu ya kuungua, au onyo la giaboksi kupata joto. Hapo simama pembeni ipoe.

Kipimo rahisi: tabia huonekana kwenye mwendo mdogo, haiongezeki, na hupungua dereva akibadilisha mguu. Ugonjwa huongezeka hata ukiendesha vizuri kiasi gani.

Kabla fundi hajafungua kitu

Adai kwanza gari lipimwe kwa mashine na msimbo wa hitilafu usomwe. Wakati mwingine shida ni sensa, au kompyuta inahitaji kufundishwa upya mahali klachi inaposhika. Kazi hiyo hufanywa kwa mashine, bila kushusha giaboksi.

Jambo la pili ni oili. DSG ya gia 6, kama ya Golf GTI nyingi za mtumba, ina klachi zinazoogelea kwenye oili, na Volkswagen inataka oili hiyo ibadilishwe kila kilomita 60,000. DSG ya gia 7 iliyo kwenye Golf za injini ndogo kama 1.2 na 1.4 TSI ina klachi kavu. Hizo hazipozwi na oili, kwa hiyo jam na milima huziumiza zaidi.

Oili yenyewe ni maalum. Fundi akisema oili ya otomatiki yoyote itafaa, tafuta fundi mwingine.

Ukienda kulijaribu gari la kununua

Usiridhike na kuzunguka mtaa mmoja. Liendeshe likiwa baridi, kisha baada ya nusu saa likiwa moto. Tafuta mlima, simama katikati, ondoka. Rudi nyuma ukipanda. Pita kwenye jam. Uliza rekodi ya oili ya giaboksi, si ya injini pekee.

Muuzaji akikataa usilipeleke mlimani, bei yake nzuri si nzuri tena.