Oili ya Giaboksi ya Otomatiki: Wakati wa Kuibadilisha na Wakati wa Kukataa Kusafishwa kwa Mashine

Magari mengi madogo yanayotembea katika barabara za Tanzania yaliingizwa nchini yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na sehemu kubwa yake hutumia giaboksi ya otomatiki. Mmiliki hukabidhiwa nyaraka za gari, lakini ni mara chache hupewa kumbukumbu za matengenezo yake. Ndiyo maana fundi anapomweleza kuwa oili ya giaboksi imekuwa nyeusi na inahitaji kusafishwa kwa mashine, hukosa kigezo cha kukubali au kukataa.

Oili hiyo haikutani na masizi kama ile ya injini, hivyo haichakai kwa kasi ileile. Kazi yake ni kulainisha, kupoza, na kupeleka shinikizo linalobana klachi zilizomo ndani ya giaboksi. Kinachoiharibu zaidi ni joto. Gari linaloshinda katika foleni, linalopanda milima likiwa na mzigo au linalovuta tela huichosha mapema. Baadhi ya watengenezaji huandika kuwa oili ya giaboksi haina muda maalumu wa kubadilishwa, ila kwa matumizi magumu ya namna hiyo ratiba nyingi huelekeza ibadilishwe kati ya kilomita 60,000 na 100,000. Gari lisilo na kumbukumbu yoyote ni busara kulihesabu katika kundi hilo.

Kwa magari yenye kijiti cha kupimia, oili hukaguliwa gari likiwa mahali tambarare na giaboksi ikiwa imepata moto. Magari mengi hupimwa injini ikiunguruma na gia ikiwa kwenye P. Magari ya Honda hupimwa mara tu baada ya injini kuzimwa. Tofauti hiyo ndogo huwafanya baadhi ya watu kuongeza oili isiyohitajika. Magari mengi mapya hayana kijiti kabisa, na upimaji wake hufanywa na fundi kupitia tundu la chini kwa kuzingatia nyuzi za joto zilizotajwa na mtengenezaji.

Rangi peke yake haitoshi kuamua. Oili nyingi za otomatiki huwa nyekundu zikiwa mpya na hugeuka kahawia kwa matumizi ya kawaida. Dalili nzito zaidi ni harufu ya kuungua pamoja na weusi, au vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho sampo inapofunguliwa. Ute laini wa kijivu kwenye sumaku ya sampo ni mchakao wa kawaida. Oili iliyogeuka kama maziwa yenye wekundu ni jambo la dharura: maji yameingia, mara nyingi kupitia rediata inayopoza pia oili ya giaboksi. Gari hilo lisiendeshwe, na kubadilisha oili bila kutengeneza mahali maji yanapopenya ni kupoteza fedha.

Njia za kubadilisha ni mbili. Ya kwanza ni kufungua nati ya chini, kumwaga inayotoka na kujaza kiasi kilekile. Njia hii huondoa takriban theluthi moja hadi nusu ya oili, kwa kuwa nyingine hubaki kwenye konveta na mirija. Ya pili hutumia mashine inayobadilisha karibu oili yote kwa mara moja. Hapo ndipo penye mgogoro. Katika giaboksi iliyotelekezwa kwa miaka mingi, mtiririko wa mashine unaweza kung'oa uchafu ulioganda na kuupeleka kwenye njia nyembamba za valvu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hali ya giaboksi yenyewe. Ikiwa inaingiza gia vizuri na historia yake haijulikani, kumwaga na kujaza, kisha kurudia baada ya kilomita elfu chache, ndiyo njia ya tahadhari. Ikiwa tayari inateleza, inachelewa kuitikia D au R, au inagonga inapobadili gia, ipimwe kwanza, kuanzia kiwango cha oili na kumbukumbu za hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Klachi zilizokwisha haziponywi na oili mpya. Mara nyingi oili hulaumiwa kwa kuua giaboksi ambayo ilikuwa imekwisha kufa.

Aina ya oili haipaswi kubahatishwa. Toyota, kwa mfano, hutumia T-IV katika baadhi ya magari na WS katika mengine, na hazibadilishani. Giaboksi za CVT zina oili yake maalumu. Mmiliki anashauriwa kusoma jina la oili kwenye kitabu cha gari au kwenye kijiti, kununua kopo lililofungwa, na kuwapo linapofunguliwa.

Oili iliyomwagwa haipaswi kuelekezwa kwenye mtaro wala ardhini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kumwaga oili katika mazingira. Kabla ya kazi kuanza, mmiliki ana haki ya kuiuliza gereji inaihifadhi wapi oili chakavu na nani huichukua.