Gadi la Boneti: Taarikhi ya Mti Katika Gereji za Kigoma

Husemwa mara kwa mara, na watu ambao kauli yao ina itibari, kwamba ule mti unaoegemezwa chini ya boneti ya gari kuukuu katika gereji za Kigoma, Ujiji na Mwandiga ni mtoto wa ukata wa miaka ya 1980, wakati vipuri vilipoadimika nchini na fundi akalazimika kuokota ukuni alipokosa chuma. Na kwamba kabla ya siku hizo kila gari lilikuwa na fimbo yake ya kiwandani, kwa hiyo mti huu ni alama ya dhiki na si kitu kingine. Dhana hii ina sura ya ukweli, na kwa ajili ya sura hiyo imepokewa bila kudaiwa burhani. Mimi siikubali. Madai yangu ni kwamba mti huo, na hasa namna ya kuuchagua, kuuweka na kuufunga, ni ustadi wa waundaji wa vyombo wa ufuko wa Ziwa Tanganyika uliohamia kwenye magari, na kwamba shahidi wa jambo hili amesimama mbele ya macho yetu siku zote, katika picha za kale ambazo wapenzi wa taarikhi ya Kigoma huzitazama bila kumwona.

Habari za misafara ya pembe, za Burton na Speke waliofika Ujiji mwaka 1858, na za Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871, msomaji anazijua, wala sina haja ya kumchosha nazo. Lenye faida kwetu ni kwamba wageni hao wote walikuta vyombo vya majini na wakavitumia. Mitumbwi mikubwa ya Ujiji ilichongwa kwa magogo yaliyotoka milima ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi, na Waarabu na Waswahili waliohamia hapo wakatia vyombo vya tanga. Edward Hore, baharia wa London Missionary Society aliyefika Ujiji mwaka 1878, aliishi kando ya ziwa kwa miaka kumi na moja, na kitabu chake cha mwaka 1892 aghalabu husomwa kwa ajili ya habari za misheni tu, ilhali yeye alikuwa mtu wa vyombo kabla ya kuwa mtu wa misheni, na macho yake yalikuwa macho ya baharia.

Hapa nataka msomaji afikiri nami juu ya jambo moja ambalo wanataarikhi wetu wa pwani hawalioni, kwa kuwa wao wamezaliwa kando ya bahari. Mtu wa Unguja au Lamu atakapo kutia kalafati chombo chake hungoja maji yapwe. Chombo hukaa chenyewe mchangani, kikapewa magadi, yaani miti ya kuegemezea, mawili matatu ubavuni, na maji yakijaa huelea tena kama kilivyokuwa. Ziwa halipwi wala halijai kwa mwendo huo. Chombo cha Ujiji sharti kivutwe hadi nchi kavu kwa kamba na mabega ya watu, na kikisha kupanda hakina maji ya kukipokea jioni: uzito wake wote unabaki juu ya miti, usiku na mchana, muda wote wa kazi, huku upepo wa ziwa ukikisukuma upande huu na upande huu. Kwa hiyo fundi wa huku alilazimika kujua zaidi ya mwenziwe wa pwani ni mti gani unaopinda kabla ya kuvunjika, ni pembe gani ya mwegemeo inayobeba na ipi inayoteleza, na kwa nini gadi lisilofungwa kamba ni hatari kuliko kutokuwa na gadi kabisa.

Sasa nije kwenye picha nilizozitaja. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa bara kwa reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwezi wa Februari 1914. Mafundi watatu wa kiwanda hicho, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, ndio waliokuja kuisimamia kazi ya kuiunganisha, nayo ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza. Picha zimebaki za siku zile, na kila azitazamaye hutazama meli: ukubwa wake wa mita sabini na zaidi, na mabamba yake ya chuma. Ni nadra mtu kutazama miti. Nayo miti ipo, msitu mzima wa miti, mingine imesimama wima, mingine imeinama kwenye ubavu wa meli, na bila hiyo hapangekuwa na meli, maana bamba la chuma lisiloshikiliwa haliwezi kupigwa ribiti.

Wako wasemao kwamba ilikuwa hapo ndipo watu wa Kigoma walipofundishwa kuegemeza kitu kizito, na kwamba mwalimu wao ni Mjerumani. Hoja hii naistahi, kwa sababu wenye kuisema wamekwenda kuzitazama picha, jambo ambalo wenye hoja ya ukata hawakulifanya. Sikatai kwamba Rüter na wenziwe walileta ramani, vipimo na nidhamu ya kiwanda, na kwamba mtu aliyefanya kazi chini yao alitoka na maarifa ambayo hakuingia nayo. Lakini kazi ile haikufanywa na watu watatu. Ilifanywa na mafundi wa Kihindi na Waafrika wengi, mahali ambapo Ujiji iko mwendo wa saa moja na nusu tu kwa miguu, na Ujiji ilikuwa ikivuta vyombo nchi kavu na kuvitia magadi kabla reli ile haijawazwa na mtu yeyote. Insafu inataka tuseme kwamba palikutana elimu mbili, na ya wenyeji haikuwa ndogo.

Mambo yaliyoifika meli hiyo baadaye yalizidisha elimu hiyo. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipoikimbia Kigoma, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, lakini kwanza wakazipaka injini zake grisi nzito, kwa tamaa kwamba siku moja zitafanya kazi tena. Wabelgiji waliiibua, ikazama mara ya pili kwa tufani. Waingereza wakaiibua tena mwezi wa Machi 1924, na mwaka 1927 ikarudi safarini kwa jina la Liemba. Miaka mitatu hiyo ya matengenezo ilikuwa chuo, ingawa hakuna cheti kilichotolewa. Kijana aliyeshika miti ya Liemba akiwa na umri wa miaka ishirini alikuwa bado mtu wa makamo magari yalipoanza kuzagaa Kigoma.

Na magari, je? Luteni Paul Graetz alitoka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 1907 kwa gari lililoundwa Gaggenau, akafika Swakopmund, upande wa pili wa Afrika, mwezi wa Mei 1909, nayo hiyo ni habari ya ajabu. Lakini kwa suala letu haina msaada. Magari ya zama hizo, na Ford T iliyodumu kiwandani tangu 1908 hata 1927 ikiwemo, yalikuwa na boneti ya mabawa mawili yaliyokunjwa kutoka ubavuni juu ya bawaba ya katikati, na boneti ya namna hiyo haihitaji kushikiliwa na kitu. Ni katika miaka ya 1930 ndipo ilipoenea boneti ya kipande kimoja iliyofungwa bawaba karibu na kioo na kufunguka kutoka mbele kama taya, na tangu hapo ndipo swali la kuishikilia lilipozaliwa.

Land Rover ilipotokea mwaka 1948, swali likawa zito kwa maana halisi ya neno. Wenye magari hayo walipenda kuweka tairi la akiba juu ya boneti, na mtu aliyepata kuinua boneti hiyo, tairi likiwa juu yake, anajua kwamba ameinua mzigo. Fimbo ya kiwandani ilikuwepo, ndiyo, lakini ni chuma chembamba, na barabara za Kasulu na Uvinza za wakati ule hazikuwa rafiki wa chuma chembamba. Kikipinda mara moja hakisimami tena sawasawa. Kwa hiyo haja ya mti ilikuwepo zamani sana, wakati duka la vipuri lilikuwa bado limejaa, na wenye kusema mti ulianza miaka ya 1980 wameisahau Land Rover yote.

Tumtazame fundi kazini, chini ya mwembe wa Ujiji. Mti wake una panda ndogo juu, kama ya manati, na panda hiyo imevishwa kipande cha mpira wa tyubu kilichofungwa kwa waya, ili isikwaruze rangi wala kuteleza kwa mafuta. Hauweki kwenye ncha ya boneti, ambako mgeni angeuweka. Huutafutia ubavu wa chuma ulio ndani, au tundu la kufuli, ambapo bati ni maradufu. Mguu wa mti haukanyagi madigadi wala hauegemei rejeta. Unasimama juu ya chesi, umeinama kidogo kuelekea kwenye kioo. Kisha, na hili ndilo ninalotaka lishikwe, anachukua ukanda wa mpira na kuifunga boneti kwa chini, kwenye bampa au chesi. Mti huzuia boneti isianguke. Hauwezi kuizuia isiinuliwe. Alasiri, upepo wa kusi utokapo ziwani, boneti iliyoachwa kwa mti peke yake hunyanyuka, mti hudondoka ndani ya injini, na boneti hupiga kioo cha mbele au hurudi kwa kishindo juu ya vidole vya mtu. Kubeba kwa mti na kuzuia kwa kufunga ndiyo kanuni ileile ya chombo kilichopandishwa ufukoni, na mtu aliyeokota ukuni kwa ajili ya ukata tu asingekuwa na sababu ya kuijua.

Huko Kibirizi, ambako mafundi wa injini za maboti na mafundi wa magari ni watu walewale, nimeona kafi likifanya kazi hiyo, bapa lake likiwa chini juu ya ubao na mpini wake ukiwa umeingia katika tundu la kufuli, nalo lilisimama imara kabisa. Nimeona pia bua kavu la mchikichi. Ni jepesi na halikwaruzi, lakini mafundi wazee hawaliamini, maana huvunjika bila kutoa sauti ya kuonya.

Ama miaka ya 1980 yenyewe, sitaikana haki yake. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliisha, vipuri vikawa vya kuombewa dua, na gari ambalo lingetupwa likatengenezwa mara ya kumi. Dhiki hiyo iliueneza mti, ikaufikisha hata mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuvuta chombo majini, na hao ndio waliouweka bila kuufunga. Kueneza si kuzaa.

Kisha, katika miaka ya 1990, walipofika wakimbizi wa Burundi na Kongo na mashirika yaliyowahudumia, yalikuja magari mapya mengi, na mengine ya baada yake yana boneti inayoinuliwa na shokapu za gesi. Gesi hiyo huvuja kupitia sili zinapochakaa, na magari hayo yauzwapo mnadani yakiwa yamezeeka, boneti haikai juu tena. Fundi hubana praizi ya kufuli kwenye ufito wa shokapu, chini kidogo ya mdomo wa silinda, ili usirudi ndani. Nayo hutosha kwa kazi ya kupima oili. Kwa kazi ya kushusha injini haitoshi, maana praizi ikikwaruza ufito ule sili humalizika kabisa, na pia shokapu dhaifu haina nguvu ya kuzuia upepo. Hapo huutoa mti nyuma ya kiti, pamoja na ukanda wake, na kwa kuwa boneti za siku hizi ni za bati jembamba kuliko la Land Rover, panda yake sasa huvishwa mpira mara mbili.