Dawa za Kupunguza Kolesteroli: Nani Hunufaika, na kwa Gharama Gani?

Dawa za jamii ya statini ni miongoni mwa dawa zinazotumiwa na watu wengi zaidi duniani. Humezwa kidonge kimoja kwa siku, kwa miaka mingi, na mara nyingi anayezimeza hahisi ugonjwa wowote. Hapo ndipo ulipo ugumu wake. Faida yake haionekani, kwa kuwa ni mshtuko wa moyo au kiharusi ambacho hakikutokea. Madhara yake, hata yakiwa madogo, huhisiwa mwilini. Wapo wanaoziacha kwa kuogopa uvumi, na wapo wanaozimeza pasipo kuwa na haja kubwa nazo. Ushahidi uliokusanywa kwa miaka 30 unaonyesha kwamba jambo la kwanza kupimwa ni hatari aliyonayo mtu kabla hajameza kidonge cha kwanza.

Kolesteroli na kazi ya statini

Kolesteroli, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia lehemu, ni aina ya mafuta ambayo mwili hauwezi kuishi bila hayo. Hutumika kujenga kuta za seli, kutengeneza baadhi ya homoni na kuunda nyongo. Sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa katika ini. Chakula huchangia sehemu iliyobaki. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, kolesteroli husafiri katika damu ikiwa imebebwa na chembechembe za mafuta na protini.

Chembechembe ziitwazo LDL ndizo zinazohusishwa na maradhi. Zikizidi kwa miaka mingi, hupenya katika kuta za ateri na kujenga utando. Utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake. Donge hilo likiziba mshipa unaolisha moyo, hutokea mshtuko wa moyo. Likiziba mshipa wa ubongo, hutokea kiharusi.

Statini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Ini likipungukiwa, huongeza vipokezi juu ya seli zake ili kuvuta LDL kutoka katika damu, na kiwango chake katika damu hushuka. Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein, walioeleza kazi ya vipokezi hivyo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Dawa yenyewe ilianzia Japani, ambako mwanasayansi Akira Endo alichunguza maelfu ya aina za kuvu na kupata statini ya kwanza mwaka 1973. Lovastatini, iliyokuwa ya kwanza kuidhinishwa kuuzwa, iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 1987. Zinazotumika zaidi hivi leo ni atorvastatini, rosuvastatini na simvastatini.

Faida iliyothibitishwa

Kwa miaka kadhaa madaktari walijua kwamba dawa hizo hushusha kolesteroli, lakini haikuwa imethibitika kwamba huokoa maisha. Jibu lilipatikana mwaka 1994, yalipotangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi za Ulaya ya Kaskazini. Wagonjwa 4,444 ambao tayari walikuwa na maradhi ya mishipa ya moyo waligawanywa katika makundi mawili: moja lilipewa simvastatini, jingine kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa. Baada ya zaidi ya miaka 5, watu 256 walikuwa wamefariki katika kundi lisilo na dawa, na 182 katika kundi la simvastatini.

Matokeo hayo yaweza kuelezwa kwa namna mbili, na zote ni za kweli. Ya kwanza husema kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 30. Ya pili husema kwamba kati ya kila wagonjwa 100 waliotumia dawa kwa muda huo, zaidi kidogo ya 3 waliepushwa na kifo. Asilimia 30 husikika kubwa na watu 3 husikika wachache, ilhali jambo ni lile lile. Anayetaka kuamua kwa busara hana budi kuuliza namba zote mbili.

Majaribio mengi yalifuata. Watafiti walioyachambua kwa pamoja wamebaini kanuni moja: kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1 katika lita ya damu, hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi na matukio mengine makubwa ya mishipa hupungua kwa takribani moja ya tano. Kanuni hiyo imeonekana kwa wanaume na wanawake, na kwa wenye kisukari na wasio nacho.

Hatari ya mwanzo ndiyo mizani

Ikiwa dawa hupunguza hatari kwa kiwango kinachokaribiana kwa watu wengi, kwa nini si kila mtu apewe? Jibu limo katika hesabu. Ichukuliwe mifano miwili ya watu ambao dawa itapunguza hatari yao kwa robo. Wa kwanza ni mzee anayevuta sigara, mwenye shinikizo la damu na kisukari. Kati ya watu 100 wa hali yake, 30 watapata mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka 10. Dawa itawaepusha 7 au 8 kati yao. Wa pili ni mtu wa umri wa miaka 42, asiyevuta sigara, mwenye shinikizo la kawaida. Kati ya watu 100 wa hali yake, 4 ndio watakaougua. Dawa itamwepusha mmoja. Wengine 99 watakuwa wamemeza kidonge kila siku kwa miaka 10 bila matokeo yao kubadilika.

Kwa sababu hiyo, miongozo ya tiba huweka mpaka. Nchini Uingereza, statini hupendekezwa kwa mtu ambaye hatari yake katika miaka 10 imefika asilimia 10, ingawa aliye chini ya hapo hanyimwi akiitaka baada ya kuelezwa. Nchini Marekani, jopo la taifa la kinga ya magonjwa lilitoa ushauri unaokaribiana na huo mwaka 2022 kwa watu wa miaka 40 hadi 75 wenye angalau dalili moja ya hatari. Kwa waliozidi miaka 75 ambao hawajawahi kuugua moyo, jopo hilo lilisema ushahidi wa kuanza dawa bado hautoshi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 majedwali mapya ya kukadiria hatari, yakiwemo ya Afrika Mashariki. Baadhi yake hayahitaji kipimo cha maabara: hutumia umri, jinsia, uvutaji wa sigara, shinikizo la damu na uwiano wa uzito na urefu. Kwa zahanati isiyo na mashine ya kupima kolesteroli, jedwali kama hilo humwezesha mhudumu kumtambua anayestahili kupelekwa mbele.

Wapo wasiohitaji hesabu hiyo. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo, au kiharusi kilichotokana na mshipa kuziba, hushauriwa kutumia statini kwa kuwa hatari yake tayari ni kubwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye kolesteroli ya juu sana ya kurithi, ambaye mishipa yake huanza kuharibika tangu ujana.

Madhara: yaliyo ya kweli na yanayodhaniwa

Malalamiko makubwa dhidi ya statini ni maumivu ya misuli. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2022, uliokusanya majaribio 19 yenye washiriki wapatao 124,000, ulikuta kwamba asilimia 27.1 ya waliomeza statini waliripoti maumivu au udhaifu wa misuli. Hata hivyo, miongoni mwa waliomeza kidonge kisicho na dawa, asilimia 26.6 waliripoti vivyo hivyo. Watafiti walihitimisha kwamba katika zaidi ya malalamiko 9 kati ya 10, dawa haikuwa chanzo. Ongezeko lililotokana na dawa lilionekana hasa katika mwaka wa kwanza.

Jaribio dogo lililofanyika London na kutangazwa mwaka 2020 lilitoa mwanga zaidi. Watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara walipewa, kwa miezi tofauti, statini, kidonge kisicho na dawa, au walikaa bila kidonge. Kidonge kisicho na dawa kilizua takribani asilimia 90 ya usumbufu uliozuliwa na statini. Maumivu hayo hayakuwa ya kubuni. Watu waliyahisi kweli. Lakini mengi yalitokana na kutarajia madhara. Baada ya kuonyeshwa matokeo yao, nusu ya washiriki walirejea kutumia dawa.

Madhara makubwa yapo, ingawa ni nadra. La kuogopwa zaidi ni kuvunjika kwa misuli, ambako mabaki yake huingia katika damu na kuweza kuharibu figo. Mwaka 2001 statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni duniani kote kwa sababu tatizo hilo lilijitokeza mara nyingi kuliko kwa nyingine. Maumivu makali ya misuli yanayoambatana na mkojo wa rangi ya kahawia ni dalili ya kukimbilia hospitali pasipo kuchelewa.

Statini pia huongeza kidogo uwezekano wa kupata kisukari, hasa kwa wale ambao sukari yao tayari ilikaribia mpaka wa ugonjwa. Vimeng'enya vya ini vyaweza kupanda, lakini ini kuharibika vibaya ni nadra sana. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliweka pande zote mbili katika mizani moja. Kati ya watu 10,000 wenye maradhi ya moyo wanaotumia dawa ya nguvu kwa miaka 5, takribani 1,000 huepushwa na tukio kubwa la mishipa. Kwa upande wa pili, 50 hadi 100 hupata kisukari, 5 hadi 10 hupata kiharusi cha kuvuja damu, na 5 hupata ugonjwa wa misuli. Kwa wasiowahi kuugua lakini wenye hatari iliyoongezeka, wanaoepushwa ni takribani 500.

Hatari huongezeka dawa zinapokutana. Simvastatini haipaswi kumezwa pamoja na antibiotiki iitwayo klarithromaisini, wala itrakonazoli inayotibu fangasi, wala dawa za VVU zenye ritonavir. Juisi ya balungi nayo huongeza kiwango cha dawa hiyo katika damu. Wajawazito na wanaonyonyesha kwa kawaida hushauriwa kusimamisha statini.

Funzo kutoka Uganda na nchi nyingine

Watu wanaoishi na VVU hupata maradhi ya moyo zaidi ya wengine wa umri wao, hata wanapotumia vyema dawa za kufubaza virusi. Ili kujua kama statini ingewasaidia, watafiti waliandikisha watu 7,769 katika nchi 12, zikiwemo Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Washiriki walikuwa na umri wa miaka 40 hadi 75, na kwa vipimo vya kawaida hatari yao ilikuwa ya chini au ya wastani. Baadhi yao walipewa pitavastatini, ambayo haigongani na dawa nyingi za VVU. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 35, ingawa kisukari kiliongezeka kidogo. Jaribio hilo lilionyesha kwamba majedwali ya hatari yaweza kukadiria chini kwa baadhi ya watu.

Kabla ya kuanza, na kabla ya kuacha

Anayeshauriwa kutumia statini ana haki ya kumuuliza daktari mambo manne: hatari yangu ni kiasi gani katika miaka 10, dawa itaishusha hadi wapi, ni dawa zipi nyingine ninazotumia zinazoweza kugongana nayo, na nitapimwa tena lini. Kwa kawaida LDL hupimwa upya baada ya miezi 2 au 3.

Dawa haichukui nafasi ya mwenendo. Kuacha sigara, kudhibiti shinikizo la damu, kutembea kila siku na kupunguza mafuta ya wanyama na vyakula vya kukaangwa hupunguza hatari kwa njia zake, na hufaa hata kwa anayemeza kidonge. Wala bidhaa kuitwa ya asili si dhamana ya usalama: mchele mwekundu uliochachushwa, unaouzwa kama tiba ya kolesteroli, huwa na kemikali ile ile ya lovastatini, lakini kipimo chake hakijulikani kwa mnunuzi.

Kuacha nako kuna gharama. LDL hurudi ilikokuwa katika majuma machache, na kwa aliyewahi kupata mshtuko wa moyo hatari hurudi pamoja nayo. Anayepata usumbufu ana njia kadhaa kabla ya kuacha kabisa: kupunguziwa kipimo, kubadilishiwa statini, au kupewa dawa ya jamii nyingine kama ezetimibe. Simvastatini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2007, na statini nyingi sasa hutengenezwa na viwanda vingi kwa bei nafuu kuliko zamani. Kwa mgonjwa ambaye mfuko wake ndio kikwazo, kumwambia daktari hivyo kwaweza kumpatia aina nafuu zaidi, ambayo ataweza kuimeza kila siku.