Mkono Ushikao Kamera

Historia haikai vitabuni peke yake. Hukaa katika kumbukumbu za wazee, katika nyimbo na katika majina ya vijiji. Na kwa muda unaozidi karne moja sasa, imekaa pia katika picha za sinema. Picha ina nguvu ambayo neno halina, maana humfanya mtazamaji aamini kuwa ameona jambo kwa macho yake mwenyewe. Lakini nyuma ya kila picha pana mtu aliyeshika kamera. Yeye ndiye aliyechagua mahali pa kusimama, wakati wa kuanza na wakati wa kukoma. Aliyoyaacha nje ya picha hayakuonekana, na yasiyoonekana husahauliwa upesi. Kwa hiyo kuuliza ni nani aliyeshika kamera ni kuuliza swali la historia. Katika insha hii tutalichunguza swali hilo kwa mfano wa mitaa miwili ya jiji la Nairobi, yaani Kibera na Kawangware.

Watu wa Afrika Mashariki walipigwa picha za sinema muda mrefu kabla hawajapata kuishika kamera wao wenyewe. Mwaka 1935 lilianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika, jaribio la kutengeneza sinema za elimu kwa ajili ya Waafrika. Lilidhaminiwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na fedha zake nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Waliolisimamia ni L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi lilipokoma mwaka 1937, filamu 35 zilikuwa zimetengenezwa, juu ya kilimo, afya, kuweka akiba na mambo mengine. Filamu zenyewe zilikuwa bubu, na maneno yake yalichezwa kwa santuri. Mashine ya kuonyeshea ilipakiwa katika lori, ikapelekwa mji kwa mji na kijiji kwa kijiji, na watu wakakusanyika gizani kutazama ajabu hiyo mpya.

Waafrika walishiriki katika kazi ile. Walicheza mbele ya kamera, na baadhi yao walifundishwa shughuli za nyuma ya kamera. Lakini uamuzi wa mwisho, wa hadithi ipi isimuliwe na kwa namna gani, haukuwa mikononi mwao. Hali iliendelea hivyo baada ya mwaka 1939, serikali ya Uingereza ilipounda idara ya filamu kwa ajili ya makoloni yake. Kiongozi wa idara ile, William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nijeria, alishikilia kwamba sinema ya Mwafrika lazima iende polepole, isiwe na mruko wa ghafla wala mbinu ngumu, kwa kuwa mtazamaji asingefahamu. Hatukatai kwamba mtu yeyote anayeona sinema mara ya kwanza huhitaji muda wa kuzoea. Kosa lilikuwa kuudhania ugeni wa chombo kuwa ni upungufu wa akili. Mtazamaji alipimwa na mtu asiyemjua, kisha akatengenezewa picha kwa kipimo hicho.

Sasa tuitazame mitaa yetu. Kibera ilianza mapema katika karne ya 20, askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la Waingereza walipopewa ruhusa ya kukaa katika msitu uliokuwa nje ya mji. Jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kawangware iko magharibi ya jiji, upande wa Dagoretti, ukutani mwa mitaa ya matajiri ya Lavington. Mitaa yote miwili ilijaa watu waliokuja kutafuta kazi kutoka pande zote za Kenya, wakapanga vyumba vya mabati na vya udongo. Watu hawa ni mafundi, wachuuzi, madereva, watumishi wa nyumbani na walinzi, ambao bila wao jiji lisingeamka asubuhi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya dunia imeifahamu Kibera kwa picha za wageni. Wapiga picha walikuja kwa siku moja au mbili, wakanasa mfereji wa maji machafu na mtoto mwenye miguu mitupu, wakaondoka. Mwaka 2005 ilitoka filamu kubwa iitwayo *The Constant Gardener*, ambayo baadhi ya sehemu zake zilipigwa Kibera, na jina la mtaa likazidi kuenea. Ilisemwa na kurudiwa mara nyingi kuwa Kibera ina watu milioni moja au zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilitoa jumla ya watu 170,070. Wapo waliobishana na hesabu hiyo. Lakini tofauti baina ya tarakimu hizo mbili yatosha kutuonyesha jinsi mahali panavyoweza kusemwa sana pasipo kujulikana. Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nasi tungeweza kuongeza kuwa hujui pia usingizi wake mtamu, maana mgeni aliyepiga picha ya mfereji hakupiga picha ya arusi iliyokuwa ikichezwa nyumba ya pili.

Mabadiliko yaliletwa na chombo kidogo. Kamera za filamu zilikuwa nzito na ghali, na filamu yenyewe ilihitaji kusafishwa kwa dawa kabla haijatazamwa. Mwaka 1983 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa kamera ya kwanza kuuzwa kwa watu wa kawaida iliyoweka pamoja jicho la kunasia picha na kinasa kanda. Hapo awali mtu alibeba kamera mkononi na mashine nyingine begani. Kamera ile ya 1983 ilirekodi tu, wala haikuweza kuonyesha ilichorekodi. Lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Mwaka 1995 zikaja kanda ndogo za kidijitali, ambazo picha yake ingeweza kuingizwa katika kompyuta bila kufifia. Kisha zikatokea programu rahisi za kuhariri, iMovie mwaka 1999 na Windows Movie Maker mwaka 2000. Kazi iliyohitaji chumba kizima cha mitambo sasa ilifanyika juu ya meza moja.

Nairobi haikukawia kuitumia nafasi hiyo. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, watengenezaji wa filamu waliokuwa karibu na barabara ya River Road walianza kupiga michezo ya kuchekesha kwa kamera ndogo, kwa Kikikuyu, Kiswahili na lugha nyingine, wakaiuza katika visahani vya video. Watu wakauita uwanja huo Riverwood. Katika mitaa kama Kawangware kamera iliingia kwa mlango wa sherehe. Alialikwa mpiga video katika arusi, katika mahari, katika mazishi na katika ubatizo, na familia ambayo haikuwahi kuwa na picha yake katika gazeti lolote ikawa na kanda yake kabatini.

Huko Kibera, filamu fupi iitwayo *Kibera Kid* ilitolewa mwaka 2006 chini ya uongozi wa Nathan Collett, Mmarekani, na watoto wa mtaa wakicheza. Kutokana na kazi hiyo lilikua shirika la Hot Sun Foundation, na shule ya filamu ya Kibera, ambayo vijana wa mtaa walijifunza humo kuandika hadithi, kuongoza, kupiga picha na kuhariri. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliingia katika ghasia. Kibera iliteketea sehemu sehemu, na reli ipitayo mtaani iling'olewa. Habari hizo zilitangazwa duniani na wageni. Lakini mwaka 2010 ilitoka filamu ya *Togetherness Supreme*, iliyotengenezwa Kibera pamoja na watu wa Kibera, ikisimulia siku zile kwa macho ya waliokuwamo.

Mwaka 2009, vijana wa mtaa walichora ramani ya Kibera kwa kupita vichochoro kwa miguu, maana katika ramani nyingi mtaa wao ulikuwa mahali patupu. Kazi hiyo iliitwa Map Kibera. Mwaka uliofuata baadhi yao walianzisha chombo cha habari, Kibera News Network, wakitumia kamera ndogo za Flip, zisizozidi ukubwa wa simu ya mkononi. Walipiga picha za moto ulipozuka, lakini pia za michezo, mikutano na kazi za mikono, wakazihariri wenyewe, wakazitoa kwa intaneti. Mwaka 2011 kamera za Flip ziliacha kutengenezwa. Chombo kilikufa, ujuzi ukabaki. Ndiyo maana mwanafunzi hapaswi kusikitika akiwa hana kamera mpya, kwa kuwa leo hata simu ya kawaida hufanya kazi ambayo lori la Vugiri lisingeweza.

Lakini kushika kamera ni jambo moja, na kuitumia vyema ni jingine. Ustadi huu una kanuni chache. Ya kwanza ni utulivu. Mwanafunzi anayeanza huizungusha kamera huku na huku kama anayemwagia maua maji, na mtazamaji hupata kizunguzungu. Haraka haraka haina baraka. Simama imara, egemea ukuta ikiwa huna stendi ya miguu mitatu, na uiache picha ikae kwa sekunde kumi kabla hujahama. Ya pili ni mwanga. Vyumba vya mabati vina giza, na pengine mlango ndio dirisha la pekee. Ukimweka mzee mbele ya mlango utapata kivuli kisicho na uso. Mgeuze auelekee mlango, na makunyanzi ya uso wake yatasema hata kabla hajafungua kinywa. Ya tatu ni sauti. Kibera treni hupita, Kawangware mafundi hugonga chuma na matatu hupiga honi. Mtazamaji husamehe picha hafifu, lakini hasamehi maneno asiyoyasikia. Mkaribie msemaji, au ngoja kelele zipite.

Ya nne ni kuonyesha mambo kwa hatua: kwanza mtaa, kisha nyumba, kisha mikono ya mama anayekanda unga. Ya tano, iliyo ngumu kuliko zote, ni kuhariri. Mtu akirudi na saa mbili za picha hutaka kuzionyesha zote, maana kila moja ameitolea jasho. Lakini kata pua uunge wajihi. Dakika tano zilizochaguliwa vyema hutazamwa hadi mwisho. Saa mbili hazitazamwi na yeyote, hata na ndugu wa bwana arusi.

Tena kukata kuna hatari yake, na hapa ustadi hukutana na uadilifu. Mkono unaoweza kuondoa lisilofaa waweza pia kuondoa lililo kweli. Mnamo Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa urais kurudiwa, palizuka mapambano Kawangware, na mali za watu zikachomwa. Katika siku kama hizo, picha ya dakika moja isiyo na tarehe wala mahali, inayoonyesha jibu bila kuonyesha chanzo, yaweza kuongeza moto kuliko kiberiti. Kwa hiyo kila anayepiga video ataje siku na mahali, aombe ruhusa ya anaowapiga, na asilikate neno la mtu hata likageuka kinyume cha alichokusudia. Tukiwalaumu wageni kwa kutusimulia vibaya, hatuna budi kujilaumu tunaposimuliana vibaya sisi wenyewe.

Labda msomaji atauliza: video ya nyumbani, ya mtoto akikata keki au ya bibi akisuka mkeka, ina uzito gani katika historia? Jibu lilitolewa Kibera Julai 2018. Mwezi ule mashine za kubomolea zilipita katikati ya mtaa ili kufungua njia ya barabara mpya, na nyumba, makanisa na shule zikawa vifusi. Maelfu ya watu walihama. Leo magari yapita mahali palipokuwa na vyumba vya kulala na madarasa. Aliyekuwa na video ya sherehe iliyofanyika katika mojawapo ya nyumba zile ana zaidi ya ukumbusho wa sherehe. Ana ushahidi kuwa nyumba ilikuwapo, kwamba ilikuwa na pazia la maua na taa, na kwamba watu walicheka humo. Hakuna kumbukumbu ya serikali itakayomwambia mjukuu wake jambo hilo.

Basi ushahidi huo utunzwe. Kanda huharibiwa na joto, unyevu na vumbi, na mashine za kuzichezea zinazidi kuwa adimu. Aliye na kanda za zamani afanye bidii zinakiliwe sasa, na nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja, zikiwa na majina ya watu, tarehe na mahali. Picha isiyo na maelezo ni kama kaburi lisilo na jina.

Tangu lori la Vugiri hadi simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi ni safari isiyofika miaka mia. Mwanzoni mwa safari hiyo babu zetu waliketi gizani wakitazama walichochaguliwa. Leo mjukuu wao anasimama nyuma ya kamera, naye ndiye anayechagua. Heshima hiyo ina deni lake. Na aanze kulilipa nyumbani kwao: amgeuze bibi yake auelekee mlango, atulize mkono, aulize swali moja, kisha asikilize.