Kulevya si Kushika

Sigara hailevyi. Mvuvi wa mji wa Baraka anaweza kumaliza pakiti nzima, akaingia ziwani na taa zake, akavua ndagala usiku kucha na kichwa chake kiko timamu. Lakini mnyime sigara asubuhi, umwone atakavyokuwa. Hapo ndipo msemo wetu wa "dawa za kulevya" unapopwaya: unasema kinachopata kichwa, hausemi kinachomrudisha mtu dukani kesho.

Waingereza wana neno addictive, na asili yake ni mahakamani, si hospitalini. Kwa Kilatini, addicere ni kumkabidhi mtu au mali kwa mwingine kwa tamko la hakimu. Katika Sheria za Meza Kumi na Mbili za Roma, mnamo 450 K.K., mdaiwa aliyeshindwa kulipa alikabidhiwa kwa mdai wake, akaitwa addictus. Kiingereza kilipokea mzizi huo katika karne ya 16 bila ubaya: mtu aliweza kuwa addicted kwa vitabu, hata kwa sala. Habari za dawa zilikuja baadaye sana, na mwaka 1964 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakapendekeza neno addiction liachwe, litumike neno lenye maana ya utegemezi.

Nasi tunao uraibu. Zamani pwani, uraibu ulikuwa kitu cha kutia mdomoni: tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Baadaye jina la kitafunwa likawa jina la hali ya mtafunaji. Neno tamu, ila huku kwetu kwenye rasi ya Ubwari ni la redioni zaidi.

Huku watu husema: pombe imemushika. Ingia nyumba ya lutuku, ile kali inayopikwa kwa mahindi na muhogo. Glasi ndogo inajazwa, pesa hakuna, mama mpishi anachora mstari wa mkaa ukutani. Mistari ikizidi, samaki wa mnywaji wameshapata mwenyewe kabla mtumbwi haujafika ufukoni. Mroma angemtambua addictus wake palepale, bila mkalimani.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika mabango ya afya Fizi na Baraka, "kulevya" kuacheni kwa pombe na bangi. Kwenye tumbaku andikeni tu: inashika.