Musée Mécanique

Musée Mécanique (jina la Kifaransa lenye maana ya "makumbusho ya mitambo") ni makumbusho ya michezo ya zamani inayoendeshwa kwa sarafu. Yapo kwenye Gati 45, eneo la Fisherman's Wharf, katika jiji la San Francisco, California, nchini Marekani. Mkusanyiko wake una mashine zaidi ya 300. Kuingia ni bure; mgeni hutumbukiza sarafu, mara nyingi ya senti 25, katika mashine anayotaka kuichezesha.

Tofauti na makumbusho mengi, hapa vitu vya kale vinaguswa. Mashine zilizotengenezwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita bado zinachezwa na watoto, kwa hiyo huchakaa, na kuzitengeneza ni sehemu kubwa ya kazi ya mahali hapo.

Historia

Mkusanyiko ulianzishwa na Edward Galland Zelinsky, aliyeanza kununua mashine hizo akiwa na umri wa miaka 11. Kwa muda mrefu ulikuwa chini ya jengo la Cliff House, kando ya Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2002 ulihamishiwa Fisherman's Wharf kutokana na ukarabati wa jengo hilo. Zelinsky alifariki mwaka 2004, na mwanawe Dan akaendelea na kazi.

Tarehe 23 Mei 2020 moto mkubwa uliteketeza ghala moja la Gati 45 pamoja na zana nyingi za wavuvi. Makumbusho, yaliyo kwenye gati hilohilo, yalinusurika.

Mashine

Inayojulikana zaidi ni Laffing Sal, sanamu ya mwanamke mnene mwenye pengo, mrefu kuliko watu wengi, anayetikisika na kucheka kwa sauti kubwa. Zamani alikuwa katika bustani ya burudani ya Playland at the Beach, iliyofungwa mwaka 1972. Wako waliomwogopa utotoni.

Mutoskopu ni sanduku lenye picha mia kadhaa zilizopangwa kuzunguka gurudumu. Mtazamaji huchungulia tunduni huku akizungusha mkono wa chuma. Picha hupita moja moja na kuonekana kama filamu. Kasi iko mkononi mwake: akiacha kuzungusha, picha inasimama.

Nyingine ni mashine za kutabiri bahati, piano zinazojipiga zenyewe, mkono wa chuma wa kushindana nao nguvu, na bustani ya burudani iliyoundwa kwa vijiti vya kuchokolea meno, kazi ya wafungwa wa gereza la San Quentin. Katika baadhi ya masanduku ya vioo vikaragosi huigiza hukumu ya kifo: sarafu ikiingia, mlango unafunguka, mtu ananyongwa, mlango unafungwa. Maonyesho ya aina hiyo yalikuwa burudani ya kawaida ya wakati wake. Ipo pia michezo ya video ya miaka ya karibu, kama Pac-Man.