Mbolea ya mimea ya tangi la samaki: kipimo changu

Jamaa wa Likoni ameniuliza mbona mimea ya tangi lake la kioo inageuka njano ilhali samaki wako sawa. Nami nikamwuliza: ni majani machanga au makuukuu? Yakiwa makuukuu, mara nyingi ni naitrojeni au potasiamu. Yakiwa machanga, na mishipa imebaki kijani, shuku chuma.

Mimea ya majini huhitaji chuma, manganisi, zinki, shaba, boroni na molibdeni kwa kiasi kidogo mno. Chuma ndicho kisumbufu, kwani kikikutana na hewa iliyomo majini hugeuka kutu na kuzama. Ndiyo maana huuzwa kikiwa kimefungwa ndani ya kemikali inayokishikilia, na kwenye pakiti utaona herufi EDTA au DTPA. EDTA hufaa maji yenye pH chini ya 7 hivi. DTPA huvumilia mpaka karibu 7.5, kwa hiyo wewe wa pwani unayechota kisima cha mawe ya matumbawe, tafuta hiyo.

Mimi naishi Kabiria, magharibi mwa Nairobi, na somo hili nililipa. Nilinunua mbolea ya kupulizia sukuma wiki katika duka la agroveti, nikatia kifuniko kimoja tangini. Asubuhi samaki walikuwa juu wakihema. Kati ya gapi 14 walibaki 3, na konokono wote wakafa. Lebo niliisoma baadaye (ndivyo tulivyo): ilikuwa na amonia na yurea. Tangi langu lilikuwa na maji ya kisima cha kuchimbwa kwa mashine, yenye magadi, na katika maji hayo amonia huwa sumu kali. Shaba nayo, ikizidi kidogo tu, huua konokono na uduvi. Aliyeniuzia hakukosea, nilimwambia nina mboga.

Basi nunua mchanganyiko wa virutubishi vidogo peke yake, usio na naitrojeni, wenye chuma asilimia 6 hivi. Pima gramu 10 kwa mizani, si kwa kijiko, kwani unga wa pakiti hii si mzito kama wa ile. Yeyusha katika nusu lita ya maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya betri yanayouzwa vituo vya petroli. Lakini hakikisha ni maji, si asidi! Huko kila mililita ina miligramu 1.2 za chuma. Kwa tangi la lita 60, kijiko cha chai cha mililita 5 kinatoa miligramu 6, yaani 0.1 kwa lita. Tia nusu ya hapo mara moja kwa wiki, kisha tazama majani mapya wiki 2 au 3. Yaliyokwisha njano usiyangoje, hayarudi.

Usichanganye na fosfeti katika chupa moja. Chuma kitashikana nayo na kuganda chini. Zitie siku tofauti. Mwanga pia huvunja EDTA, kwa hiyo chupa iwe ya rangi ya giza, ikae kwenye friji, iandikwe SUMU kwa herufi kubwa, mbali na watoto. Ukiona ukungu unaelea, mwaga, utengeneze mpya.